Barua Iliyoliwa na Jua

Jumanne, saa tatu asubuhi

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu wewe na wifi, na wale wawili wanaoniita shangazi bila kuniona hata siku moja. Naomba karatasi hii ikukute mgongo umetulia, maana mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulisema kuingia chini ya lori si shida, shida ni kutoka. Huku sisi tu wazima. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomkorofisha akipanda ngazi, lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Mimi bado nipo duka la vioo, napima, nakata, na mara mojamoja najikata mwenyewe. Kwa ufupi tunashukuru.

Najua utaigeuza bahasha mara mbili ukijiuliza kuna nini hata Chiriku aache simu ashike kalamu. Ulinipa jina hilo kwa sababu nilikuwa siwezi kufunga mdomo, na kweli sijapona. Lakini hili nililonalo limenishinda kulisema. Juzi nilibonyeza namba yako mara tatu, ikaita, nikakata. Uliponipigia kuuliza nikasema nilibonyeza kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ndiyo maana nimeamua kuandika, na nakuomba uisome yote mpaka chini kabla hujafanya lolote.

Habari yenyewe ni ya barua yako. Ile uliyomwandikia mama miezi minne baada ya kuondoka nyumbani, kwa kalamu ya wino uliyopewa zawadi shuleni. Mama anayo mpaka leo. Wiki tatu zilizopita ilijulikana kwamba ataisoma kwa macho yake mwenyewe, bila mimi kumsomea, na tangu dakika hiyo sikupata usingizi wa maana. Ndani ya barua ile kuna jambo ambalo wewe umeishi ukiamini kwamba mama analijua. Alikuwa halijui. Aliyekuwa analijua ni mimi peke yangu. Nitafika hapo, ila nianze mwanzo, kwa sababu nikianzia mwisho sitapata nguvu ya kurudi nyuma.

Kwanza, mama yetu amesoma. Sikukwambia, na utaona kwa nini. Magoti yalipogoma aliacha kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, akasema sasa hana kisingizio, akajiandikisha darasa la watu wazima. Anakaa dawati la mbele kabisa. Ameshagombana na mwalimu juu ya ile ng' yenye kialama juu, akidai kama sauti ni moja, hivyo vitu vitatu vinatafuta nini. Ukitembea naye barabarani hamfiki. Anasoma kila kibao kwa sauti, kinyozi, dawa ya mende, usikojoe hapa, mpaka watu wanageuka.

Unajua nani alimpeleka darasani. Sikukumbushi kwa ubaya, lakini siku ile uliyotaka kuacha shule, mama akakuonya, ukamjibu mbele ya majirani wote uani kwamba yeye atakwambia nini kuhusu shule na hata jina lake hawezi kulisoma. Akakupiga kofi, akakwambia toka. Ukatoka, na ukawa umetoka moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nina miaka kumi na mmoja, na niliona uso wa mama ulivyokuwa baada ya mlango kufungwa. Kofi alikupiga wewe, lakini aliyeumia ni yeye.

Siku alipoweza kusoma sentensi nzima bila kukwama, kitu cha kwanza alichofanya ni kuishusha barua yako. Ilikuwa kwenye fremu, ukutani chumbani kwake, kando ya dirisha. Akavaa miwani, ambayo kabla ya darasa hakuwa nayo, akaketi kitandani, akaifungua. Karatasi ilikuwa tupu. Jua la asubuhi limeilamba miaka yote hiyo na wino umekwenda, yamebaki madoa ya manjano hafifu ambayo hata mimi mwenye macho mazima sikuweza kuyafuata. Aliniita, akaniuliza imekuwaje basi mimi nilikuwa namsomea. Maana kila mwaka, tarehe ile uliyoondoka, alikuwa ananiweka kitandani pale nimsomee, na mimi namsomea. Nilimjibu kwamba nimeihifadhi kichwani. Akakubali. Akasema tu kwamba shida yote ile ya kujifunza ameipata kwa ajili ya karatasi moja, na karatasi yenyewe haikumngoja.

Sasa aingie Bi Sanduku. Huyu ni mama mtu mzima aliyefanya kazi ya eksirei hospitalini miaka ishirini, akastaafu, akaamua kwamba picha za siku hizi zinamkera. Ana kamera ya mbao kubwa kama kabati la vyombo, na vidole vyake ni vyeusi kwa dawa, havitakati hata kwa jiwe. Alikuja dukani kuagiza vioo vidogo, vingi, pembe zote zisuguliwe. Nikamuuliza ni madirisha ya nyumba ya kuku au ya nini. Akacheka, akanikaribisha nikaone, na mwisho wake nikawa msaidizi wake kila siku yangu ya mapumziko.

Anapiga picha kwa namna ya kizamani, iliyokuwepo kabla bibi yetu hajazaliwa. Unachukua kioo, unakimiminia dawa nzito inayonuka kama spiriti, unakiinamisha huku na huku mpaka ienee. Halafu chumbani, penye taa nyekundu tu, unakizamisha kwenye maji yenye chumvi ya fedha, hiyo fedha ya pete. Kikitoka humo ni kibichi, na picha lazima ipigwe na ioshwe kabla hakijakauka. Una dakika kumi hivi. Kikikauka hakina kazi tena, unakisugua uanze upya. Sisi tunakiita kioo kibichi.

Cha ajabu ni kwamba kioo hicho hakioni tunavyoona sisi. Buluu inakuwa nyeupe. Nyekundu na manjano zinakuwa nyeusi. Muuza vitenge wa jirani alikuja na gauni jekundu la kuringia, akatoka kwenye picha kama mfiwa, akanuna wiki nzima. Kinyozi ana madoadoa usoni ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, hata mkewe, lakini kwenye kioo yamejaa tele. Na kwa kuwa picha inachukua muda mrefu, anayetembea haonekani kabisa. Bi Sanduku alipiga picha ya soko saa sita mchana, watu wamejaa, na kwenye kioo soko ni tupu, amebaki mshona viatu mmoja aliyesinzia kwenye stuli yake. Hizo ndizo picha za maonyesho yake. Ameyaita Ulichokiona Si Hicho, akayaweka kwenye jengo la zamani la kiwanda cha uchapaji, lenye madirisha makubwa.

Siku moja mama alinifuata pale kwa Bi Sanduku kuchukua ufunguo wa nyumba. Bi Sanduku, anavyopenda kueleza, akamweleza habari ya rangi. Mama akamsikiliza kimya, na wewe unajua mama akinyamaza kuna jambo. Kisha akauliza: karatasi iliyoandikwa kwa wino, wino ukachujuka ukawa manjano, jicho la mtu halioni, je, hicho kioo nacho hakioni? Bi Sanduku akamwambia ailete. Mimi nilikuwa nimebeba trei ya maji ya kuoshea. Niliyamwaga karibu yote miguuni mwangu.

Mama aliileta kesho yake, ameifunga kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Bi Sanduku akamuuliza kama atamruhusu kuitundika kwenye maonyesho. Mama akasema itundikwe, na tena hataki kuiona kabla. Ataisoma siku ya ufunguzi, amesimama, kwa sauti, mbele ya mwalimu wake na wenzake wa darasani. Aliniambia njiani kwamba lile neno ulilisema mbele ya watu, na yeye barua yako ataisoma mbele ya watu, mambo yaishe. Alikuwa na furaha, Kaka. Nilitembea pembeni yake natafuta njia ya kuizuia.

Kioo cha kwanza nilikiharibu makusudi. Nilijifanya natafuta kitambaa, nikakiacha kikauke mkononi, picha ikatoka imebanduka kama ngozi iliyoungua. Cha pili nilikiharibu kwa kuusukuma mlango kidogo tu, mwanga ukaingia, kikatoka na ukungu mtupu. Bi Sanduku hakunigombeza. Alinawa mikono yake myeusi, akakaa kwenye kiti, akaniambia kwamba katika miaka ishirini ya eksirei aliona wagonjwa wa kila aina, na anayeogopa picha kuliko wote ni yule ambaye tayari anajua kilichomo kifuani. Akaniuliza kama mimi ni mgonjwa wa namna hiyo. Nikasema mkono umeteleza. Akasema haya, cha tatu atamimina yeye, kazi yangu iwe kuhesabu sekunde.

Nikahesabu. Alitaka arobaini, kwa sauti. Nilipofika ishirini nikafikiria kuruka mpaka arobaini ili picha itoke hafifu isisomeke, na nadhani alinisoma mawazo, kwa sababu alianza kuhesabu pamoja nami chini kwa chini. Tukafika arobaini wote wawili. Chumbani, chini ya ile taa nyekundu, akakimwagia dawa, kisha akakitumbukiza kwenye maji ya mwisho, na karatasi yako ikang'aa, halafu mistari ikajitokeza mmoja mmoja, myeusi tii. Hata mkia wa y yako unaoburuzwa mpaka mstari wa chini ulikuwepo. Nilikuwa sijayaona maandishi hayo tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne.

Nikapata tumaini moja. Kioo kibichi kinatoa picha kinyume, kushoto kunakuwa kulia, na maandishi yakawa yamegeuka kama yanavyogeuka kwenye kioo cha kujitazamia. Nikajisemea, mama anayesoma kwa kidole hawezi kusoma maandishi yaliyogeuka. Furaha hiyo haikufika hata jioni. Bi Sanduku aliniagiza nikate kioo cha kujitazamia, kirefu kama mlango, kitundikwe ukuta wa mbele yake, ili msomaji aipe barua mgongo na kuisoma kwenye kioo. Nilikikata mimi mwenyewe. Nilikikata vizuri pia, maana kazi ni kazi.

Usinione kichaa nikikwambia niliyoyafanya Jumamosi. Ufunguzi ulikuwa saa nne asubuhi, mimi nilifika saa moja na ufunguo wangu. Bi Sanduku alikuwa ameniambia jana yake, bila kunitazama, kwamba kioo kile cha barua hatakipiga tena, kikivunjika kimevunjika, na hataniuliza. Nikakishusha ukutani, nikakilaza mezani uso chini, nikatoa kisu changu cha kukatia. Ukitaka kukata kioo unapitisha kisu mara moja tu, kinaacha mkwaruzo mwembamba, halafu unagonga kwa chini na kioo kinaachana chenyewe. Nilipitisha kisu. Ilibaki kugonga.

Simu ikaita. Ni mama. Alitaka kujua mwandiko wako ni wa kuunganisha au wa herufi mojamoja. Wa kuunganisha, alisema, bado unamsumbua, na kama ni huo basi atakuja mapema zaidi aanze polepole, asiwachoshe watu kwa kuwasimamisha. Nikatazama kioo. Kaka, uliiandika kwa herufi mojamoja, kubwa, zilizoachana, kama anayemwandikia mtu anayejifunza. Nilikuwa nimesahau hilo. Sijui kama ulifanya makusudi. Nikamwambia ni za mojamoja, mama. Akasema basi anaweza, akakata simu. Nikabaki nimeshika kinyundo changu, nalia kama mtoto aliyeporwa, na mwishowe nikakirudisha kioo ukutani kikiwa na mkwaruzo wake.

Alikuja na gauni lake la kijani, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Darasa zima lilikuwa nyuma yake, na mwalimu. Hakutazama picha ya soko wala ya kinyozi. Akaenda moja kwa moja, akaipa barua mgongo, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo kirefu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kidogo, naonekana humo kiooni.

Alianza kwa sauti ya kujiamini. Alidhani anajua kinachofuata, na aliposoma neno Mama alikuwa anatabasamu. Lakini neno lililofuata halikuwa lile alilolizoea. Akarudi nyuma, akalisoma tena, kidole kikasogea. Aliyoyasoma nakunakilia hapa kama yalivyo, ingawa ni yako.

Mama, maneno niliyokutamkia mbele ya watu yamenirudia mwenyewe. Nimepata kibarua gereji, nalala juu ya matairi. Nimekosa. Nataka kurudi nyumbani. Kama umenisamehe mwambie Chiriku aniandikie neno moja tu, njoo, na mimi nitakuja siku hiyohiyo. Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nisipopata jibu nitajua umekataa, na sitakulaumu, wala sitakusumbua tena maisha yangu yote.

Alipofika kwenye jina langu alisimama. Hakugeuka. Aliinua macho akanitazama kwenye kioo, nami nikamtazama humo humo. Kisha akarudisha kidole chake akasoma mpaka nukta ya mwisho, herufi kwa herufi, hakuacha hata moja. Mwalimu wake akaanza kupiga makofi. Darasa zima likapiga makofi na vigelegele, kwa kuwa mwenzao amesoma barua nzima bila kusaidiwa. Mama akawashukuru. Akapeana mikono na kila mmoja.

Sasa ujue, Kaka. Barua ile ilipofika niliisomea jikoni, mama ameshika pasi. Nilimsomea hivi: Mama, mimi ni mzima. Nimepata kazi. Msinitafute wala msiniandikie. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe. Hayo ndiyo aliyoyasikia, na hayo ndiyo niliyomsomea kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini, hata karatasi ilipokuwa tupu. Mama hakukukataa. Alikuheshimu. Alikaa kukungoja uwe tayari, kama alivyodhani umeomba. Kila akisikia gari linasimama barabarani anachungulia dirishani, na mpaka wiki iliyopita alikuwa anachungulia.

Utaniuliza kwa nini, na nimejiuliza sana, na jibu ni dogo mno kwa ubaya uliotokea. Ulipoondoka, mimi ndiye niliyekuwa namsomea kila kitu, dawa zake, karatasi za kazini, ratiba ya maji. Akawa ananiita macho yangu. Mbele yako nilikuwa mtoto tu, mropokaji, wa kutumwa chumvi. Kwa miezi minne nilikuwa macho ya mtu. Nilipoona umeandika unataka kurudi, niliona nashushwa, na maneno yakanitoka mdomoni kabla sijayafikiria. Nilidhani nitarekebisha kesho. Mwisho wa mwezi ujao ukafika. Mama alipotaka barua itundikwe sebuleni, mimi ndiye niliyesema chumbani ni salama zaidi, nikaogopa mgeni asije akaisoma, na nikaipigilia msumari mwenyewe palepale jua linapoingia. Sikujua wakati huo kwamba jua linakula wino. Nilipokuja kuona maandishi yanafifia nilijua, na nikafurahi, na sikuihamisha.

Hayo ya utoto. Kuna lingine ambalo si la utoto. Miaka minane iliyopita, uliponitafuta ukapata namba yangu, swali lako la pili lilikuwa kama mama alipata barua yako. Nikasema aliipata. Ukauliza alisema nini. Nikasema hakusema kitu. Ukasema basi, tusiongee habari hiyo tena. Tangu hapo unaniuliza tu mama hajambo, nami nakujibu hajambo, na mama nikamwambia unampa salamu lakini hujawa tayari. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina akili zangu timamu, nina simu mkononi. Dakika moja ingetosha. Nilikaa katikati yenu kama ukuta, na nikawa napokea salamu zenu pande zote mbili.

Jumamosi ile, watu walipotawanyika, mama alikaa kwenye benchi akaniita. Aliniuliza siku ya barua nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi na mmoja. Akasema huyo mtoto wa miaka kumi na mmoja amemsamehe palepale, hata asipoomba. Kisha akaniuliza sasa nina mingapi. Nikasema thelathini na mitatu. Akasema huyo wa thelathini na mitatu hamjui, itabidi aanze kumjua polepole. Akaniomba nimwitie gari la kumrudisha nyumbani, na nilipotaka kupanda naye akasema atakwenda peke yake.

Jumapili hakuongea nami. Si kwa hasira za kelele, hizo ningezimudu. Alinisalimia, akanipakulia chakula, akaniambia asante nilipotoa vyombo, kama mgeni. Jana akakaa mezani na daftari lake kuanzia asubuhi mpaka jua linatua. Aliandika amezungushia mkono karatasi, kama mwanafunzi anayeogopa kuigwa. Alikunja na kuanza upya mara nyingi, na karatasi zilizoharibika alizitia mfukoni mwa gauni. Mara moja alikwama kwenye neno, nikaona midomo yake inalitafuta. Nikauliza nimsaidie. Akasema hapana, asante, mwanangu. Aliniomba kitu kimoja tu, anwani yako. Nikamtajia, akaiandika mwenyewe, akailamba bahasha akaifunga, akaikandamiza kwa pasi ili isifunguke.

Leo asubuhi amevaa viatu vya kutokea, na magoti yale, akaenda posta kwa miguu. Nilijitolea kumpelekea. Akanitazama, akasema atafika tu. Nikamuuliza kama kuna lolote nikwambie kutoka kwake katika barua yangu, maana alijua nakuandikia. Akasema nisikwambie lolote kutoka kwake.

Kwa hiyo sijui ameandika nini. Lile neno ulilomwomba, sina haki ya kukwambia kama limo au halimo, na kama ningelijua ningekuwa mtu wa mwisho wa kukufikishia. Nakuomba msamaha, na sikuwekei mwisho wa mwezi. Utakapozipata zote mbili, iache hii yangu, soma ile yenye herufi kubwakubwa kwanza. Isome polepole. Hiyo hakuna aliyeisoma kabla yako.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi anawapenda, halafu siku moja uwaambie na mengine. Majirani wa uani waliobaki wanakusalimu, mwalimu wa mama pia, ingawa hakujui. Nimesikia lango, nadhani mama amerudi, wacha niishie hapa nikamvue viatu kama ataniruhusu.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku